Nimebadilisha belti ya taimingi mwenyewe nyumbani, alama zimekaa lakini gari inalia na imekosa nguvu. Nimekosea wapi?

KijanaWaMaweni
Salaam wote. Niko Malindi, gari ni Toyota 110 injini 5A, manyuali. Wikendi iliyopita nimebadilisha belti ya taimingi, ile inayounganisha krenki (shafti ya chini ya pistoni) na kamshafti (shafti ya juu ya valvu), mwenyewe hapa nyumbani chini ya mwembe, mimi na mdogo wangu akinipa spana. Sikuwa na mpango huo, nilifungua kava la juu nichungulie tu nikaona ile ya zamani imepasukapasuka mgongoni na ukingo mmoja umeloa oili, na sijui ilifungwa lini manake gari nimenunua kwa mtu.

Nilichomoa betri, nikatoa mikanda ya nje, tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), plagi zote nne ili injini izunguke laini, nikaweka jeki na kipande cha mbao chini ya sampu ya oili ndio nikafungua maunti inayoshika injini. Puli ya krenki nikaipeleka kwenye sifuri, yaani pistoni namba moja iko juu kabisa, tundu la puli ya kamshafti likatazamana na alama ya kepu ya beringi, nikapaka tipeksi kila mahali. Belti mpya ikaingia, nikakaza tenshena, ile roli inayovuta belti, nikazungusha kwa mkono raundi mbili, alama zikarudi pale pale. Nilifurahi wallahi mpaka nikampigia baba.

Ikawaka mara ya kwanza. Lakini sasa kuna mluzi mwembamba unatoka upande wa belti, ukikanyaga mafuta nao unapanda. Halafu ikiwa imesimama inatetemeka, na nikibeba watu wanne na AC imewashwa inasota tu, zamani haikuwa hivyo. Nimekosea jino, yaani belti imekaa jino moja pembeni, au ni nini?

Fundi_Ganda
Umekosea jino ndugu yangu, hakuna lingine. Kutetemeka na kukosa nguvu baada ya kufungua belti ni jino. Hesabu yake ni hii, krenki ikizunguka mara mbili kamshafti inazunguka mara moja. Kama puli ya krenki ina meno 20, jino moja ni digrii 18 za krenki, hiyo si kidogo, valvu zinafungua na kufunga wakati sio wake na gari inawaka vizuri tu lakini haina roho. Nimeona nyingi sana hizi. Fungua rudia.

Bint_Mambrui
Fundi umesoma lakini alivyoandika? Amesema amezungusha raundi mbili na alama zimerudi zote mbili, ya krenki na ya kamshafti. Jino likiwa limeruka, ile ya juu ingekuwa imekaa pembeni ikionekana kwa macho. Mimi nauliza jambo lingine, kaka uliigusa distribyuta, ile inayogawa moto kwa plagi?

KijanaWaMaweni
Dada sijaigusa kabisa, iko kama ilivyokuwa.

Bint_Mambrui
Basi hapo ndipo ninapopashuku. Tuseme fundi aliyetangulia alifunga ile belti ya zamani ikiwa jino moja pembeni. Gari ikakosa nguvu. Badala ya kufungua tena akalegeza distribyuta akaizungusha mpaka gari ikakubali, akachukua pesa yake. Wewe sasa umeweka belti sawasawa, distribyuta imebaki kwenye uongo wa zamani. Kwa hiyo kazi yako ni sahihi na gari ni mbovu kwa pamoja.

Tafuta mtu mwenye taa ya taimingi, ile inayomulika kila plagi namba moja ikipiga moto. Kwenye kile kiboksi cha dayagnosi ndani ya boneti unaunganisha tundu zilizoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, injini ikiwa imepata joto na inanguruma bila kukanyaga, kisha unamulika puli ya krenki. Inatakiwa isome digrii 10 kabla ya sifuri. Bila kuunganisha zile tundu mbili kompyuta inachezacheza na moto na utasoma namba isiyo ya kweli. Marehemu baba alikuwa na gereji na hii ndio kazi ya kwanza aliyonifunza, nilikuwa namshikia taa.

Dereva_Sabaki
Mashaallah dada, Mungu amrehemu mzee.
Na mimi nijuze, hizi 110 belti ikikatika si valvu zote zinapinda? Manake nimeambiwa Toyota zote ndivyo zilivyo.

Mzee_wa_5L
Si zote kijana, usitiwe hofu. Hizo injini za A za petroli, 4A na 5A za kawaida, pistoni na valvu hazikutani, belti ikikatika gari inazima tu, unafunga nyingine unaenda zako. Balaa liko kwenye dizeli. Dizeli inabana hewa sana, nafasi ya juu ya pistoni ni ndogo mno, valvu ikibaki wazi lazima ipigwe.

Mimi nilikuwa na Hiace shaki ya injini ya dizeli ya 5L nabeba abiria Malindi na Mombasa, kilomita 120 hivi kwenda na nyingine hizo kurudi, kila siku. Taa ya belti iliwaka kwenye dashibodi wakati wa mwenye gari aliyenitangulia, akaizima asibadilishe kitu. Mimi nikanunua sijui. Siku hiyo nimepita Gede nashuka kuja Malindi, abiria wamejaa, nikasikia tak, moja tu, kisha kimya. Usukani ukawa mzito kama jiwe. Tulipokuja kuinua hedi, valvu zote 8 zimelala kama majani ya mnazi baada ya upepo. Kila nikiipita sehemu ile hata leo naondoa mguu kwenye mafuta.

Kwa hiyo huyu kijana aliyebadilisha kabla haijakatika mimi nampa mkono. Mluzi tutautafuta.

Dereva_Sabaki
Pole sana mzee. Nimeelewa.

Kaskazi07
Ushauri wangu mimi, kwa vile umefungua mpaka huko ungebadilisha na pampu ya maji manake inazungushwa na hiyo hiyo belti, pengine ndio inayolia.

Fundi_Ganda
Kaskazi hapana, hiyo ni injini nyingine ya Toyota, 3S. Kwenye 3S-FE pampu ya maji iko ndani, inazungushwa na belti ya taimingi pamoja na pampu ya oili, huko ni kweli ukifungua bora ubadilishe vyote. Subaru nyingi za belti pia pampu ya maji ndivyo. 5A pampu ya maji inavutwa na mkanda wa nje ule wa altaneta. Lakini sili za oili ndio nauliza, KijanaWaMaweni umesema belti ilikuwa imeloa. Sili ulibadilisha?

KijanaWaMaweni
Ya kamshafti nilibadilisha. Ya krenki niliipangusa nikaiona kavu nikaiacha.

Fundi_Ganda
Ungetoa zote mbili. Oili na mpira ni maadui, belti ikinywa oili inavimba, meno yanalainika, halafu yanang'oka moja moja. Hiyo mpya uliyoweka itakuwa imeanza kunywa. Na mimi bado nasema jino.

Mtoto_wa_Barani
Mluzi unaopanda na mafuta ni belti imekazwa kupita kiasi, mimi nilipata hii hii kwenye 100 yangu. Uliikazaje tenshena? Tueleze kwa urefu.

KijanaWaMaweni
Niliona springi yake imechoka, inavuta kivivu, nikaogopa belti italegea. Nikaweka bisibisi kubwa nyuma ya ile roli nikaisukuma mdogo wangu akakaza bolti.

Mtoto_wa_Barani
Haya. Umeona sasa. Ile springi ndio inayopima, si mkono wako. Unalegeza bolti, unaiacha springi ivute yenyewe injini ikiwa baridi, unazungusha krenki kufuata saa, kisha ndio unakaza. Ukimaliza unasukuma belti kwa kidole pale katikati kwa nguvu ya kama kilo 2, inatakiwa ibonyee milimita 5 mpaka 6 hivi. Yako bila shaka haibonyei hata kidogo. Ukiiacha hivyo itakula beringi ya roli na baadaye hata kamshafti yenyewe.

Na springi kama imechoka nunua springi, bei yake si ya kumnyima mtu usingizi.

Bint_Mambrui
Hapo kwa mluzi nakubaliana na Barani. Kwa kukosa nguvu bado niko na distribyuta yangu.

Shela_Mlangoni
Mimi siko upande wa yeyote ila naomba tuangalie vitu rahisi kwanza. Alipotoa tapeti kava kuna mipira ya upepo aliichomoa, aliirudisha yote? Mpira mmoja mdogo ukibaki nje injini inavuta hewa ya pembeni, inatetemeka hivyo hivyo. Na waya za plagi, zilirudi kwa mpangilio wake? Mimi niliwahi kufungua injini siku nzima nikaifunga tena kumbe waya namba 2 na 3 zimebadilishana.

Amu_Boti
Nami nimo jamani, niko Amu. Gari sina lakini mashine zetu za boti zile fositroki (four-stroke) nazo zina belti ya taimingi vile vile, iko juu kabisa ukifungua tu kofia unaiona. Yamaha F115 tunabadilisha kila masaa 1,000 au miaka 5, kile kinachotangulia. Mimi nafanya mwenyewe pale pale gatini maji yakiwa yametoka. Kilichonifunza ni hiki, usiikunje belti mpya. Watu wanainunua wanaikunja kama kamba wanaitia mfukoni. Ndani ya ule mpira mna nyuzi za kioo, ukiikunja kwa pembe kali zinavunjika ndani kwa ndani huoni kitu, miezi mitatu baadaye iko vipande viwili na wewe uko katikati ya mkondo na mtu mgonjwa ndani ya boti. Hilo lilimpata jirani yangu, alhamdulilahi boti nyingine ilikuwa nyuma yao.

Dereva_Sabaki
Amu_Boti karibu, tulidhani huko ni punda tu 😂

Amu_Boti
Punda wangu ana miaka 9 hajawahi kuniacha njiani, muulize mzee wa 5L kama gari yake ilimfanyia hivyo 😂

Mzee_wa_5L
Hahaha hapo umenishinda mwanangu.

Kaskazi07
Ahsante Fundi kwa kunirekebisha pampu. Lakini hili la hewa ya chumvi mbona hamlitaji? Hapa pwani kila kitu kinaliwa. Mimi kazi yangu iko Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, gari zetu boneti ndani zote zina kutu nyekundu. Belti inayotakiwa iende kilomita laki moja kwetu mimi siiachi ipite elfu sitini. Wakati wa kusi ndio mbaya zaidi.

Mtoto_wa_Barani
Chumvi haili mpira Kaskazi. Inakula chuma, yaani springi, bolti na beringi ya roli. Mpira unakufa kwa joto, oili na umri.

Kaskazi07
Sawa lakini roli ikishika kutu ikakwama belti inasugulika inakatika, si ni chumvi imeua belti? Tunazungumza kitu kimoja. Halafu kuna mchanga. Mafundi wakifungua hawarudishi kava la chini, wanasema linasumbua. Mchanga unaingia unasaga meno ya puli. Angalia gari kumi hapa mjini uone ngapi zina lile kava na bolti zake zote.

Fundi_Ganda
Hapo kwa kava umesema kweli na inaniuma kwa sababu ni sisi mafundi. Mteja anaharakisha, bolti moja imekatika, unasema acha. Mimi siku hizi sifungi gari bila kava.

Bint_Mambrui
Kuhusu umri, wenye gari za kutoka Japani angalieni ndani ya boneti, mara nyingi kuna stika ndogo ya Kijapani imeandikwa kilomita na tarehe ya kubadilisha belti. Mwaka wao wengine wanaandika kwa hesabu yao ya Heisei, mwaka wa kwanza ni 1989. Mimi kwenye gari ya mama nilikuta imeandikwa H17. Nilidhani ni modeli ya belti! Kumbe ni 2005. Na gari inasoma kilomita chache kuliko zile za kwenye stika, fikiria. Yaani dashibodi ilirudishwa nyuma na stika wakaisahau. Ile belti ilikuwa na miaka zaidi ya 10, kwa kuitazama juu juu ni nzuri, ukiikunja kidogo inapasuka kama chapati kavu.

KijanaWaMaweni
Dada nimekimbia kuangalia yangu. Stika iko ila imefutika na jua, naona alama ya km tu.

Shela_Mlangoni
Nauliza tu, ile bolti ya krenki uliifunguaje nyumbani bila mashine ya hewa? Hapo ndipo mimi huwa nakata tamaa.

KijanaWaMaweni
Gia ya tano, mdogo wangu kakanyaga breki, mimi bomba la maji la mita moja na nusu juu ya mpini wa soketi ya 19. Ilikataa nusu saa. Niliipiga oili nikaenda kuswali, niliporudi ikakubali kwa mlio kama risasi mpaka jirani akatoka nje.

Dereva_Sabaki
Si unaweka mpini uegemee chesisi kisha unagusa stata kidogo? Inafunguka yenyewe kwa sekunde.

Mzee_wa_5L
Usimfunze mtu hivyo. Namjua mtu mpini uliruka ukatoboa fenda, mkono wake ulikuwa shubiri moja tu pembeni. Na hapa anayeshika ufunguo ni mdogo wake, mtoto akigusa mara mbili je? Gia na breki inatosha. Ya otomatiki tafuta chombo cha kushika puli.

Kukaza pia kuna kipimo, kwenye hizi A ni kama 118 kwa torki renchi, nyutoni mita. Ikilegea puli inacheza, kifungo chake cha kuishika kwenye krenki kinasagika, na alama ya sifuri unayoiamini inakuwa haipo tena mahali pake.

Bint_Mambrui
Mzee hapo umetoa kitu kikubwa. Kama ile puli ya nje ilishawahi kucheza, au ile raba ya katikati imeachia ikateleza, basi sifuri aliyoitumia kijana si sifuri. Alama zinakubaliana na bado belti iko pembeni jino. Kwa hiyo Fundi_Ganda anaweza kuwa sahihi na mimi pia.

Fundi_Ganda
Ahsante. Atoe plagi namba moja, aingize bisibisi ndefu nyembamba taratibu, azungushe kwa mkono aone pistoni inafika juu kabisa wakati alama iko sifuri au la. Hiyo haidanganyi.

KijanaWaMaweni
Nashukuru sana wote. Leo asubuhi kabla jua halijapanda nimeangalia yafuatayo. Mpira mmoja wa upepo nyuma ya tapeti kava ulikuwa umechomoka, Shela_Mlangoni umeona mbali. Nimeurudisha na kutetemeka kumepungua sana, si kwisha. Waya za plagi ziko sawa. Belti nimeibonyeza, haibonyei, ngumu kama ubao. Mluzi uko vile vile. Nguvu imerudi kidogo ila si ile. Pistoni sijapima bado.

Kitu kingine, ile mistari iliyochorwa kwenye belti mpya niliiweka ikatazamana na alama za puli, sasa nimefungua kava haitazamani tena hata kidogo. Nimeshtuka.

Mtoto_wa_Barani
Usishtuke na hiyo. Mistari ya belti ni ya kufungia tu. Ukishazungusha inaondoka kwa sababu meno ya belti hayagawanyiki sawa na ya puli, itarudi baada ya mizunguko mingi sana. Angalia alama za puli peke yake.

Kaskazi07
Belti yenyewe ulinunua wapi na kwa ngapi? Manake feki zimejaa. Boksi limeandikwa jina kubwa, ndani mpira haunuki hata kama mpira. Feki ikiwa fupi kwa upana wa unywele inakaza yenyewe, inalia, na hata ukilegeza tenshena haikusaidii.

KijanaWaMaweni
Nilinunua 2,500 dukani, maandishi yamechapwa vizuri mgongoni pamoja na idadi ya meno. Ile ya zamani ninayo, nimezilinganisha kabla ya kufunga, zilikuwa sawa.

Mzee_wa_5L
Sawa kwa macho, lakini ya zamani imeshavutika miaka yote hiyo. Mimi simshuku muuza duka, namshuku yule mwenye bisibisi.

Fundi_Ganda
Na mimi namshuku yule mwenye jino 😄 Kijana ukifungua tena toa ile sili ya krenki usiniudhi.

Bint_Mambrui
Taa ya taimingi ninayo, ya marehemu baba, bado inafanya kazi. Jumamosi nakuja mjini kwa shangazi, nitamwachia, pitia uichukue ukaisome kabla ya kufungua chochote. Ukianza kufungua kwanza hatutajua kilichokuwa kibaya ni kipi.

KijanaWaMaweni
Dada Mungu akubariki, nitaifuata. Springi nimeagiza, sili pia. Nani yuko Maweni au Barani ana torki renchi? Nairudisha siku hiyo hiyo kabla ya magharibi.

Mtoto_wa_Barani
Ninayo. Njoo nayo ile bisibisi tubadilishane.